Wimbo wa Kungwi Asiyetajwa

Wanawake watatu waliingia uani kwa Bi Zena wakati wa alasiri, na wa kwanza kukataa maji alikuwa Bi Somoe. Kitangari maji hayakataliwi. Ndoo hupandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mtu, au hununuliwa kwa mwenye baiskeli kwa bei inayouma, hivyo anayekuletea kata ya maji amekupa shingo yake. Bi Somoe aliitazama kata, akautazama mkono ulioishika, akasema hana kiu. Wenzake nao hawakuwa na kiu. Mkeka walitandikiwa, wakasimama pembeni mwake kama watu waliokuja kukagua ukuta.

Ndani, Mujibu, kitinda mimba wa Bi Zena, alikuwa amelala chali kitandani anapima mizani ya shairi kwa vidole. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kusafisha picha karibu na soko, na alikuwa na majivuno ambayo kibanda hicho hakikuweza kuyabeba. Kutunga hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza, kwa kukosea, na kwa kugongagonga meza mpaka wateja wakamwuliza kama meza ina mchwa. Aliposikia nje neno unyago likitajwa, halafu kimya, vidole vikasimama.

"Soma, Mama Petro," sauti ya Bi Somoe ilisema.

Mama Petro ndiye Winfrida, kungwi kijana kuliko wote, aliyefunzwa ukungwi na Bi Zena mwenyewe. Alishika simu mbali na uso kana kwamba inanuka, akasoma. Alianza na kichwa cha habari: wimbo wa unyago, Kitangari, umepatikana kwa kungwi mzee ambaye hakupenda atajwe. Kisha akausoma wimbo wenyewe, harakaharaka, bila kuimba:

Mwali inama upite,
mlango huu mfupi;
mama zako ndio wote,
hutajua yupi yupi.
Ukilia usifute,
chozi halina makapi.

Mujibu aliusikia wimbo wake ukisomwa na mdomo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha.

"Mama Shakila," Bi Somoe akamwambia Bi Zena kwa upole, "sisi hatujasoma, tusaidie. Kungwi mzee wa Kitangari mwenye mtoto wa mitandao ni nani?"

Bi Zena alikuwa bado ameshika kata. 

"Hatukuulizi kama ni wetu au si wetu. Hilo haliulizwi uani, hata wewe ulitufundisha hivyo. Tunauliza ni nani."

Mujibu akatoka. Aliinamisha kichwa, akasema shikamooni mama zangu. Hakuna aliyesema marahaba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake salamu yake kuanguka chini na kubaki hapohapo. Bi Somoe alimwambia arudi ndani, haya si mambo ya kichwa kinachovaa kofia. Mujibu alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, wangu, lakini hakulitoa, kwa sababu ambayo yeye peke yake aliijua. Akarudi ndani.

Walipoondoka walikuwa wameacha agizo: mpaka wazee wa unyago wakae na kuamua, Bi Zena asikanyage kwenye nyumba ya wali, wasichana wanaochezwa unyago. Na ulikuwa Juni, shule zimefungwa, mikorosho inapuliziwa salfa, watoto wanaingizwa unyagoni. Miongoni mwa wali wa mwaka huo alikuwamo Wema, mjukuu wa kwanza wa Bi Zena, binti ya Shakila aliyeolewa Masasi. Bi Zena alikuwa ameingiza watoto wa watu tangu enzi za mumewe. Huyu alimngoja kama mtu anavyongoja zamu yake.

*

Jioni ile Bi Zena alipika ming'oko, vile viazi vya porini, akaitia chumvi, akamwekea mwanawe sahani kama kawaida. Hakumgombeza. Mujibu angependa agombezwe.

"Mama, ule wimbo nimetunga mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekuzaa."

Basi, Mujibu akasema, jambo ni dogo. Kesho aende kwa Bi Somoe awaambie si wimbo wao, yaishe. Mama yake alimenya mng'oko mmoja, akauvunja katikati.

"Nikisema huu si wetu, nimeshasema kuwa tunao mwingine, na haufanani na huu. Kesho wataniletea wa pili niukatae. Keshokutwa wa tatu. Mwisho watabaki na ule nitakaounyamazia, nao ndio wataondoka nao. Kungwi hakubali, mwanangu, wala hakatai. Kungwi ni ukuta."

"Kwa hiyo utanyamaza hata kwa uongo?"

"Hasa kwa uongo."

Mujibu akasema basi atasema yeye. Bi Zena akamwambia aseme, yeye ni mwanamume, mdomo wake haujafungwa na mtu. Hakumwambia aseme lini, na Mujibu hakusema lini.

Sababu ilikuwa Masasi. Mujibu alikuwa na tovuti yake, aliyoijenga kwa simu, kipande kwa kipande, akiiita Uwanda wa Mujibu. Ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza aliiita Kazi Zangu, humo akaweka mashairi yake. Ya pili aliiita Nilizokusanya, humo akaweka vitendawili, methali na nyimbo za kuchota maji alizopewa na mama yake jioni wakimenya muhogo. Mpaka kati ya kurasa hizo ulikuwa safi mwanzoni, kama shamba lililopimwa. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa haupiti mtu. Aliandika juu ya bei ya korosho, juu ya binti mmoja wa Chidya aliyemkataa, juu ya kifo cha baba yake, shairi lililomtoa jasho, na wasomaji walikuwa yeye mwenyewe na rafiki yake Ashiru, na Ashiru alisoma kwa kulazimishwa. Ukurasa wa pili watu waliubeba kama maji ya kisima kipya. Ukasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kwa watu wa Newala, wilaya yao, walioko mijini, wakaandika chini yake wakilia kuwa wamewakumbuka bibi zao.

Kiburi kikamwambia jambo moja jioni moja: wanalia kwa maneno ambayo hata wewe unayaweza. Akatunga methali, akaiweka ukurasa wa pili, bila jina. Ikapendwa. Akarekebisha wimbo wa mama yake uliokuwa unachechemea, ukapendwa kuliko ulivyokuwa. Baadaye akaacha kurekebisha, akawa anatunga moja kwa moja na kuweka kana kwamba ameokota. Hakujiona mwongo. Alijiona kama mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma kwenye nyumba ambayo mbele hawamfungulii.

Na kwa mlango huohuo wa nyuma ndipo Mwalimu Nikolao alipompata. Mzee huyu, mwalimu mstaafu wa Masasi, alikuwa na kikundi cha watu wanaokusanya maneno ya wazee kabla wazee hawajaisha, na kikundi kilitafuta kijana wa kukaa ofisini na kuzunguka vijijini kwa mshahara. Alimpigia Mujibu akamwambia, kijana, kazi yako nimeiona, wewe ni mkusanyaji wa kweli. Nafasi ilikuwa yake, bado kusaini tu.

Sasa aseme nini? Aseme yule mkusanyaji wa kweli hakukusanya?

*

Alifanya jambo ambalo watu wa simu hufanya wanapobanwa. Alikaa kibandani, akauhamisha wimbo. Aliutoa ukurasa wa pili akaupeleka wa kwanza, kwenye Kazi Zangu, akafuta kile kichwa cha habari cha kungwi mzee, akaandika Mujibu. Kazi ya vidole viwili. Hakumwambia mtu. Alijiona mjanja: wimbo umerudi kwao, mama ametoka hatiani, na Mwalimu Nikolao huenda asigundue.

Lakini picha ya ukurasa wa zamani ilikuwa imeshapigwa na kusambaa mpaka kwa watu wasiojua Kitangari iko wapi. Sasa ikapigwa picha ya ukurasa mpya, zikawekwa pamoja ubavu kwa ubavu, jana wa kungwi, leo wa Mujibu. Mtu asiyeficha kitu, watu wakasema, hahamishi kitu. Mama yake amemgombeza, naye ameufukia. Aliyekuwa na shaka akapata uhakika.

Sultani, muuza salfa wa jirani, alikuja kuchaji simu, akaegemea dirisha la kibanda.

"Fundi, na mimi nina wimbo wa bibi yangu. Ukiuhamisha unakuwa wako au wangu?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mujibu alimwambia achukue chaja yake aondoke. Sultani akasema chaja ni ya fundi, lakini kwa kuwa siku hizi vitu vinahamahama, ataondoka nayo. Hata Mujibu ilimbidi akiri moyoni kuwa kijembe kilikuwa na mizani.

Wiki hiyo alikufa mzee mmoja mtaa wa juu, na Bi Zena akaenda msibani na unga wake kwenye ungo kama anavyokwenda mtu. Unga ulipokelewa. Alipokwenda nyuma walikokuwa wanatwanga, kila mchi ulikuwa na mkono. Alipokwenda kwenye vyungu, mtu alimpokonya mwiko kwa adabu kubwa. Mama Shakila, pumzika, wewe umechoka. Mama Shakila, kaa hapa kivulini. Waliweka kigoda peke yake mbali na wenzake, wakamwekea chakula chake peke yake, chakula kingi, kana kwamba ni mgeni aliyetoka mbali na ataondoka leo. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejibu. Alirudi nyumbani mapema, akaanza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Shakila alifika kutoka Masasi siku ya pili yake, na Wema nyuma yake kabeba begi la nguo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti, aliyezoea kuuza nguo za mtumba na kumnyamazisha mteja. Hakuketi. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba mtoto asipelekwe Newala kuingizwa na nyumba inayovuja, bora aingizwe Masasi na Wamakua wa kwao. Mumewe Jumanne alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomkera Shakila kuliko maneno ya mama yake.

"Wewe," akamwambia Mujibu, "umekosa majungu ya kuandika mpaka ukaandika unyago?"

"Nilitunga, dada. Ni wangu."

"Nimesikia ni wako. Kuku wa jirani nao wamesikia. Sasa kasimame kwa Bi Somoe useme ni wako, mbele ya watu, siyo kwenye simu."

Mujibu akaeleza habari ya Masasi, ya Mwalimu Nikolao, ya kazi. Alieleza kwa urefu, maana hakuwa amemweleza mtu, na alipokuwa akieleza alisikia jinsi inavyosikika. Shakila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mama amewekwa kwenye kigoda kama mwenye ukoma, ili wewe ukaitwe mkweli Masasi."

Bi Zena aliwakataza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Wema yuko pale, anasikia. Wema alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

*

Mujibu aliteremka Masasi. Alijidanganya kwamba anakwenda kutafuta ushahidi, kwamba msomi mmoja akisimama na kusema wimbo huu ni utunzi wa kijana, wanawake wa Kitangari watakubali. Mwalimu Nikolao alimpokea barazani kwake, chini ya ile milima ya mawe inayotoa joto hata jua likishazama nyuma yake, akampa kiti kizuri kuliko chake. Alikuwa ameshaziona picha mbili. Hakungoja kuambiwa.

"Wimbo ni wako?"

"Ni wangu, Mwalimu."

"Na kile kitendawili cha kisima chenye shingo? Nilikisoma mbele ya wageni, wakakiandika."

"Mama alinipa kichwa. Mkia nilitia mimi."

"Na nyimbo za kuchota maji?"

Mujibu akasema nyingine za mama, nyingine zake. Mzee akauliza zipi za mama. Mujibu alifungua ukurasa, akapitisha kidole juu, akapitisha chini. Mbili alizijua. Ya tatu aliiangalia sana. Alikumbuka mama yake akiimba kitu kama hicho, na akakumbuka pia akigonga meza ya kibanda akitafuta vina vyake, na kumbukumbu hizo mbili zilikuwa na sauti ileile. Akafunga simu.

"Sijui, Mwalimu."

Mwalimu Nikolao hakumkaripia. Alisema tu kwamba hata zile za mama yake sasa hazitaaminika, hata kama ni za kale kuliko hiyo milima, na kwamba kikundi hakiwezi kumchukua. Alisema hayo akitazama barabarani, bodaboda zikipita.

"Lakini ule mlango mfupi ni mzuri," akaongeza. "Ni mzuri sana. Kwa nini hukutia jina lako?"

"Nilipotia jina langu hakuna aliyesoma."

"Nilisoma mimi. Lile la baba yako nililisoma zaidi ya mara moja." Mzee alikohoa. "Sikukuandikia kitu. Nilidhani una watu wengi wa kukusifu."

Mujibu alipomwomba aandike neno, aseme kwamba wimbo ni utunzi, mzee alitikisa kichwa. Yeye ni mwanamume, tena wa Masasi. Akisema huu si wimbo wa unyago wa Kitangari, wataulizana yeye ameujulia wapi ule ulio wao.

*

Alikwenda kwa Bi Somoe peke yake, mchana, bila kumwambia mtu nyumbani. Sasa hakuwa na cha kupoteza Masasi, na hilo lilimpa ujasiri ambao alidhani ni wema. Wanawake walikuwa wengi uani, wanachambua mchele wa sherehe. Winfrida alikuwepo. Mujibu alisimama mlangoni mwa ua akavua kofia, akasema amekuja kusema jambo moja na atakayemfukuza amfukuze akishalisema.

Akalisema. Wimbo ni wake. Mama yake hakumpa hata neno. Alidanganya kwenye kile kichwa cha habari kwa sababu alitaka usomwe. Kama kuna adhabu, iwe yake.

Zilikuwa sekunde nzuri, zile. Kikongwe mmoja alianza hata kutikisa kichwa kama mtu anayekubali. Kama angevaa kofia yake na kuondoka hapo, huenda mambo yangekwenda kwa njia nyingine. Lakini mwanamke mmoja kijana aliyekuwa pembeni alicheka puani.

"Mwanamume atunge vile? Labda aliota. Huyu hata salamu anakosea."

Winfrida, ambaye hakutaka mwalimu wake aanguke, akasema kwa upole, "Basi thibitisha, Mujibu. Tusaidie tukuamini."

Alikuwa anamtupia kamba. Mujibu aliiona kama jukwaa. Damu ilimpanda. Miaka yote ameandika kwa watu wasiosoma, na sasa ua mzima umenyamaza unamngoja, na kuna aliyemcheka. Hakufikiri. Alifumba macho, kidole kikagonga paja, na maneno yakaja kama yalivyokuwa hayajawahi kuja, mazima, yamevaa:

Mwali usiombe moto,
jivu lina joto lake;
umeuacha utoto,
usirudi njia yake.

Alipofumbua macho alitegemea sifa. Nyungo zilikuwa zimesimama. Kikongwe aliyekuwa akitikisa kichwa alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Yule aliyecheka alikuwa anamtazama Bi Somoe, siyo yeye, na wote walikuwa wanamtazama Bi Somoe, kama watu ambao mlango umefunguliwa wakiwa wanavaa. Alichogusa, kama alikigusa, au kama ni mwanamume tu kusimama kati ya wanawake na kusema mwali, mwali, Mujibu hakuambiwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Bi Somoe aliweka ungo chini.

"Nimekusikia, baba. Kama huu ni wako, umetuzushia unyago na kuutia sokoni. Kama ni wetu, mama yako amekuambia. Uongo umetoka kwenu, au siri imetoka kwenu. Mimi sina haja ya kujua ni ipi. Nyumba ni moja."

"Lakini mama hana kosa."

"Mama yako amesema hana kosa?"

"Hawezi kusema."

"Unaona? Hilo nalo umelijuaje?"

Mujibu alimtazama Winfrida. Winfrida alikuwa ameinamia mchele, anatoa mawe, na hakuinua uso tena.

*

Wazee wa unyago waliamua, na Winfrida ndiye aliyetumwa kwa Bi Zena kuchukua kikapu cha ukungwi. Kilikuwa na kifuniko, kilichoshonwa kwa ukindu na kungwi aliyekuwapo kabla ya Bi Zena, na vilivyomo ndani mwanamume haangalii. Mujibu alitoka akasimama nyuma ya choo mpaka mambo yaishe. Alisikia Winfrida akisema shikamoo, akasikia marahaba, marahaba iliyokamilika, isiyopunguzwa hata herufi. Alisikia mama yake akimweleza kwa sauti ya kawaida kwamba kifuniko kinakaza siku za ukungu, asikivute kwa nguvu. Kisha akasikia Winfrida analia na mama yake akimnyamazisha, nenda mwanangu, wali wanangoja.

Asubuhi ya siku yenyewe ya wali kuingizwa, Shakila alimvisha Wema khanga. Hakumpeleka Masasi, kiburi hakikumruhusu kumpa mama mkwe wake ushindi huo. Wema aliuliza kama bibi anakuja. Shakila alisema bibi anaumwa miguu. Bi Zena, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka bondeni na ndoo kichwani, alisema ndiyo, miguu. Alimpaka mtoto mafuta mikononi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Hakumnong'oneza kitu. Mujibu aliona jinsi alivyokaza midomo ili asimnong'oneze.

Ngoma zilipoanza kusikika kutoka upande wa pili wa mtaa, Bi Zena aliketi kizingitini na muhogo wa kumenya. Mujibu alikuja akaketi chini, karibu na miguu yake, na simu mkononi. Alimwambia ameamua kutengeneza. Atapanga upya kila kitu: vya mama viandikwe ni vya mama, kwa jina lake, na vyake viwe vyake. Hatafuta, atapanga. Akasema hata kama imechelewa, ukweli utakuwepo mahali fulani, watu waukute. Yeye peke yake hawezi, mengine yamechanganyika. Atamsomea, naye amwambie tu.

Mama yake aliendelea kumenya.

Akamsomea kitendawili cha kisima chenye shingo.

"Si changu," Bi Zena akasema.

"Kichwa chake ulinipa wewe, Mama."

"Si changu. Soma kingine."

Akamsomea wimbo wa kuchota maji, ule wa wanawake wanaoulizana bonde lina ngazi ngapi. Huo alikuwa na hakika nao. Aliusikia mgongoni mwake akiwa mdogo, kabla hajajua maneno.

"Sio wangu huo."

"Mama, huu uliuimba nikiwa mgongoni."

"Sikumbuki. Utakuwa umeutunga wewe. Wewe ni mtunzi."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayempa mwanawe sahani. Mujibu akasoma wa tatu, na wa nne, na ile methali ya bibi yake iliyotajwa kwenye mazishi ya baba, ambayo watu wote wa mtaa waliisikia ikitoka kinywani mwa Bi Zena kando ya kaburi. Kila aliposoma, kisu kilipita juu ya muhogo, na jibu likawa lilelile. Si wangu. Huo nao si wangu. Upande wa pili wa mtaa wanawake walipiga vigelegele, mlango ulikuwa umefunguliwa au umefungwa, yeye asingejua, na mama yake aligeuza shingo kidogo kuelekea huko, akairudisha.

"Mama, nikiandika vyote ni vyangu nitakuwa mwizi."

Bi Zena aliudumbukiza muhogo uliomenywa kwenye beseni la maji, akachukua mwingine.

"Andika ni vyako," akasema. "Mimi sina kitu."